Kuzima Swichi Siyo Kukata Umeme

Taa ilikuwa imezimwa. Niliizima mwenyewe, nikapanda ngazi na kuanza kufungua holda nibadilishe. Kidole kilipogusa waya, mkono mzima ulijikunja hadi begani, nikajikuta sakafuni na bisibisi imerukia ukutani. Sikuvunjika mfupa. Nilikaa pale chini nikitetemeka, nikiitazama swichi ambayo bado ilikuwa imezimwa, nisielewe umeme umetoka wapi.

Jibu nililipata nilipofungua swichi yenyewe. Aliyefunga nyaya kabla yangu alipitisha nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya waya wa moto, ule unaouleta. Ukizima, taa inazimika kweli, lakini waya wa moto unabaki kwenye holda ukiwa na umeme wake wote. Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika ngazi ya chuma, na hiyo ndiyo njia uliyoifuata umeme.

Nimefanya kazi ya ufundi miaka mingi tangu siku ile. Karibu kila ajali ya shoti niliyoiona au kusimuliwa na wenzangu ilianza hivyohivyo: mtu alikuwa na uhakika kwamba umeme haupo.

Kwa hiyo, kama ni kifaa cha plagi, chomoa plagi na uiweke unapoiona ukiwa kazini, asije mtu akairudisha. Kama ni nyaya za jengo, shusha breka, ile swichi ya kukata umeme kwenye boksi. Viwandani breka hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa anayefanya kazi. Nyumbani kufuli hilo kwa kawaida halipo, basi bandika karatasi juu ya breka na umwambie kila aliyemo ndani. Jenereta, betri yenye inveta na paneli za jua ni milango mingine ya umeme, na kila mmoja unafungwa peke yake.

Kisha pima. Hapa ndipo wengi tunaruka hatua. Testa ya bisibisi yenye kitaa mimi siitegemei: isipowaka, inawezekana imeharibika, au umesimama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, au mwanga wa mchana umeufunika ule mwanga wake mdogo. Tumia mita ya fundi ya kupimia volti. Hakikisha kwanza ncha zake hazijachomekwa kwenye tundu la ampea, maana ukipima volti zikiwa hapo ni sawa na kugusisha moto na nyutro moja kwa moja mkononi mwako. Ijaribu mahali unapojua umeme upo, pima unapotaka kufanya kazi, halafu rudi uijaribu tena pale pa kwanza. Mita inaweza kufa katikati, na mita iliyokufa husoma sifuri vizuri sana.

Pima pia jozi zote: moto na nyutro, moto na waya wa ardhi, nyutro na waya wa ardhi. Kwenye ile holda, kama ningepima nyaya mbili peke yake huku balbu ipo, ningesoma sifuri na kuamini niko salama. Ardhi ndiyo ingenionyesha ukweli.

Watu hushangaa nikiwaambia umeme unaoua ni mdogo kiasi gani. Miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, unaihisi kama mtekenyo. Kufikia kama 10, misuli ya mkono inakaza na wengine hawawezi tena kuachia walichoshika. Ukipita 30 na ukaendelea kupita mwilini, moyo uko hatarini. Ngozi iliyolowa haizuii sana. Chukulia ukinzani wa mwili ni ohm 1,000, volti 230 zitapitisha miliampea 230. Breka ya kawaida ya ampea 16 haioni chochote hapo, kwa sababu inasubiri zaidi ya miliampea 16,000. Kazi yake ni kulinda waya usiungue, na wewe haikujui.

Anayekujua ni yule mlinzi mwingine, RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kikikuta tofauti inayofika miliampea 30 kinakata mara moja. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila baada ya muda ulioandikwa na watengenezaji, na kisipokata, kibadilishwe. Lakini usijipe uhodari kwa sababu yake: ukishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine bila umeme kuvujia ardhini, kwake wewe ni sawa na balbu tu.

Kwa wanaofungua vifaa kuvitengeneza, kuna hatari ambayo kuchomoa plagi hakuiondoi. Kapasita hutunza umeme. Kwenye pawasaplai ya televisheni inayotumia volti 230, kapasita kubwa huwa na volti zipatazo 325 au zaidi. Kwenye oveni ya maikrowevu huweza kuwa na zaidi ya 2,000, na kama hujafundishwa kazi hiyo, nakusihi usiifungue kabisa. Nilipokuwa najifunza tulikuwa tunagusisha bisibisi kwenye miguu ya kapasita, inalipuka cheche, tunaendelea. Tabia mbaya. Inaharibu kapasita na inaweza kukurushia chuma kilichoyeyuka usoni. Tumia rezista, kifaa kidogo cha kuzuia umeme usipite kwa kishindo, ya wati za kutosha yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, subiri, kisha pima. Vua pete na saa ya chuma kabla hujaanza.

Kuhusu matumizi ya kila siku nina neno moja zito: usikate mguu wa ardhi wa plagi ili iingie kwenye soketi. Kifaa chenye bodi ya chuma kinautegemea. Vile vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vimetengenezwa kuishi bila waya wa ardhi. Vingine havikutengenezwa hivyo. Na ukigusa friji au pasi ikakutekenya, usizoee. Chomoa siku hiyohiyo, iangaliwe.

Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike. Kata umeme kwanza. Ikishindikana, na ni umeme wa kawaida wa nyumbani, simama pakavu umsukume mbali kwa mti mkavu au plastiki. Kwenye nyaya za umeme mkubwa usisogee kabisa hadi wenye mamlaka nazo wazikate. Akiwa hapumui kawaida, itisha msaada na ugandamize katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, bila kuacha hadi msaada ufike.

Na hata akiinuka akasema yuko sawa, mpeleke akapimwe moyo. Mapigo yanaweza kuvurugika, na misuli ya ndani inaweza kuungua huku ngozi ikionyesha doa dogo tu. Mimi siku ile nilijifuta vumbi nikamalizia kufunga holda. Leo ningekwenda hospitali kwanza.