Muulize Bibi wa Themometa: joto la Tabata, jua la Uingereza, kahawa ya Marangu

Barua za mwezi huu wa pili zimenifikia zinanuka jasho. Sishangai. Nami naandika nikiwa nimejifunga kanga moja kifuani, nyingine nimeilowesha na kuitandika mabegani, na mjukuu anacheka. Kwa wasomaji wapya: kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kupima hali ya hewa. Si ya kutangaza redioni, hapana. Mimi ni yule wa kuamka, kwenda kituoni na kusoma kilichoandikwa kwenye kioo. Kwa hiyo nijibu kwa kadiri ya nilichokishika kwa mikono.

*Shikamoo Bibi. Nimepanga chumba Tabata, juu bati tupu, dari hakuna. Simu inaniambia nyuzi 32, halafu chini yake inasema mwili unahisi 41. Mjomba alikuja kutoka Makete. Usiku wa kwanza alilala barazani, wa pili alilala barazani, wa tatu akapanda basi akarudi kwao. Anasema alipokuja mwaka 1988 Dar haikuwa hivi. Nani muongo, simu au mjomba? — Mpangaji, Tabata*

Marahaba mwanangu. Muongo hayupo. Umemsahau mtu wa tatu, naye ni bati lako, nitamrudia.

Nyuzi 32 ni joto la hewa, lililopimwa kivulini. Mwili wako haujali hewa peke yake. Unajipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Hapa kwetu kaskazi inavuma ikiwa imeshapita juu ya bahari yenye moto, inafika imebeba maji tele. Hewa iliyoshiba maji haipokei jasho lako, linabaki linakutiririka mgongoni bure. Hiyo 41 ya simu ni hesabu ya joto pamoja na unyevu. Ndiyo maana mtu wa Dodoma anachomwa na jua mchana kutwa, usiku unamkuta anavuta shuka, na wewe kwa nyuzi zilezile shuka umelitupa chini tangu Desemba. Na kaskazi ikilegea mwezi wa tatu, kabla masika haijashika, ule wakati wavuvi wanaouita malelezi, hata kile kiupepo kidogo kinakwisha. Hapo ndipo watu wanapoanza kugombana kwenye daladala bila sababu.

Sasa mjomba. Nikueleze kitu ambacho watu hawakijui kuhusu kazi yetu. Kituoni kuna kijumba cheupe cha mbao, kuta zake ni vipande vilivyolazwa kama dirisha la luva ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani yake kuna themometa mbili zimelazwa. Moja ni ya zebaki, inakumbuka joto kubwa la mchana. Ya pili ina spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti cheusi chembamba, kama ncha ya sindano iliyokatwa. Usiku hewa ikipoa, spiriti inarudi nyuma na kukiburuta kile kijiti. Asubuhi hewa ikipata moto, spiriti inasonga mbele inakiacha palepale kilipofikia. Ukienda saa tatu asubuhi unasoma kichwa cha kijiti, na unajua usiku uliopita ulipoa mpaka wapi, hata kama ulikuwa umelala fofofo. Kisha unaiinamisha themometa taratibu, kijiti kinateleza mpaka kinagusa mwisho wa spiriti, na siku inaanza upya.

Watu wote wanaokuja kituoni hutaka kuiona ile ya zebaki. Jana ilifika ngapi, ilifika ngapi? Mimi nilikuwa nakiangalia kijiti. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita, sehemu nyingi duniani joto la usiku lilipanda haraka kuliko la mchana. Mjomba wako hakulala barazani kwa sababu ya adhuhuri. Alilala barazani kwa sababu ya saa nane usiku.

Na Tabata ya 1988 aliyoikuta, nakumbuka, ilikuwa na mikorosho, minazi na mashamba ya muhogo. Mti unapoza hewa, na ardhi yenye majani haishiki moto sana. Sasa mkoa wa Dar una watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na kila familia imejenga kwa tofali la saruji. Tofali linakunywa jua mchana kutwa, jioni linaanza kutapika. Gusa ukuta wako saa tatu usiku, upande uliopigwa na jua la magharibi, utanielewa. Mimi mwenyewe hapa Temeke jirani amepandisha ghorofa upande wa baharini akaufunga upepo wangu wote. Tunasalimiana vizuri, lakini sijamsamehe.

Kwa hiyo mjomba ameona mambo mawili kwa pamoja: dunia imepata joto, na mji umejiongezea lake juu yake. Kuhusu bati, mwombe mwenye nyumba akuruhusu ulipake rangi nyeupe juu, hata chokaa iliyochanganywa na gundi, ingawa mvua itaiosha na utarudia. Bati jeupe linarudisha jua lilikotoka. Kama hela ipo, piga dari, acha tundu la hewa juu ya ukuta pande zote mbili. Feni bila tundu inazungusha moto uleule.

*Bibi, dada yangu ni muuguzi Uingereza. Kila kiangazi chao ananitumia video analia joto, nyuzi 34 tu! Huku sisi tunauza mihogo juani. Tunamcheka kwenye grupu la familia. Kwani hao wazungu wameumbwa na siagi? — Kaka Mtu, Kigamboni*

Acheni kumcheka dada yenu. Tarehe 19 Julai 2022, mahali panaitwa Coningsby, Uingereza, themometa ilifika 40.3, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kwao kupita 40. Mchana wetu wa Februari hapa Dar unazungukazunguka kwenye 32 au 33. Mwenye joto kali siku ile alikuwa dada yako.

Ila hata kwa 34 yake ana haki ya kulia. Nyumba zao zimejengwa zisipoteze joto, maana adui yao wa karne zote ni baridi. Kuta nene, madirisha madogo, zulia, hakuna feni darini, hakuna baraza la kukimbilia. Joto likishaingia linakaa, na tena ni kijiti changu kilekile, usiku haupoi. Ulaya mwaka 2003 joto la kiangazi liliua watu zaidi ya 70,000, wengi wao wazee. Wewe Mswahili unajua kujificha: saa saba mchana hata mbuzi wa Kigamboni wako chini ya mwembe. Mwili nao unazoea kidogokidogo, na mwili wa huko haujapata wakati wa kuzoea.

Umeuliza kwa utani lakini ndani yake kuna swali zuri: mbona joto lao linapanda haraka kuliko letu? Nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hilo la kwanza. Bahari ni kama sufuria kubwa la maji, nchi kavu ni kikaango. Sisi wa pwani tumeegemea sufuria. La pili, huko ncha ya kaskazini ya dunia barafu nyeupe ilikuwa inarudisha jua angani kama lile bati la Tabata lililopakwa rangi. Ikiyeyuka, chini yake kuna bahari nyeusi inayomeza jua, inapata moto, inayeyusha barafu nyingine. Tangu 1979 eneo lile limepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia. Nao wastani wenyewe, mwaka 2024, ulikuwa juu ya ule wa 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi moja na nusu.

Ila usije ukajipongeza kwamba Ikweta tumesalimika. Mtu wa London kwa wastani ana Januari ya nyuzi kama 6 na Julai ya 19, mazao na wadudu wake wamezoea kuruka huku na huku. Kwetu tofauti ya mwezi wa moto na mwezi wa kipupwe ni nyuzi tatu nne tu. Viumbe wa hapa wamezoea njia nyembamba. Ukiwasogeza nyuzi moja umewatoa barabarani.

*Bibi shikamoo. Naishi Kimara ila kihamba cha marehemu baba kipo Marangu. Kahawa imepungua, wadogo zangu wanataka kuing'oa wapande parachichi. Halafu watu wanasema barafu ya Kibo ikiisha maji yataisha. Nifanyeje? — Mwana wa Kihamba*

Marahaba. Pole kwa mzee.

Hapa sitaki kukujibu kwa mkato kwa sababu umechanganya vitu viwili ambavyo kila mtu anavichanganya, hadi kwenye magazeti.

Kahawa kwanza. Arabika, ndiyo kahawa ya huko kwenu, inapenda usiku wa baridi, tunda liive polepole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulikuta kwamba kinachoitesa si mchana, ni kiwango cha chini cha usiku. Kila nyuzi moja kikipanda, hekta moja inapoteza kama kilo 137. Niliposoma hilo nilisimama jikoni nikamwambia mume wangu, umeona? Kijiti! Akasema ndiyo mama, akaendelea kula. Tena yule mdudu anayetoboa tunda la kahawa, zamani baridi ya juu ilimzuia, sasa Kilimanjaro amepanda mlima kuliko alivyokuwa.

Lakini wadogo zako wasing'oe kwa hasira. Kama kihamba kimepoteza kivuli, miruka na migomba imekatwa, kahawa inaungua mara mbili. Rudisheni migomba na miti ya kivuli, ng'oeni ile mikongwe isiyozaa, jaribuni miche mipya kwenye kipande, na hiyo parachichi iwekwe pembeni, si badala yake. Kama kihamba kipo chini kabisa karibu na barabara ya lami, hapo nitakuwa muwazi: kahawa ya chini itakuwa na kazi ngumu zaidi, na wadogo zako hawajakosea sana.

Barafu sasa. Mwaka 1912 juu ya Kibo kulikuwa na barafu ya kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Hilo ni kweli na linauma. Ila kule juu, mita 5,895, hewa kwa kawaida iko chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya ile barafu haiyeyuki kama barafu ya gilasi. Jua kali kwenye hewa kavu linaigeuza mvuke moja kwa moja, bila kupitia maji, na theluji mpya haianguki ya kutosha kuilipia. Ukavu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo anayekuonyesha picha ya Kibo kuwa ni themometa ya dunia anarahisisha mambo.

Na maji ya mfereji wenu hayatoki kwenye barafu, kwa sehemu kubwa. Yanatoka kwenye mvua na ukungu unaoshikwa na msitu uliopo juu ya vihamba. Ukiniuliza cha kuogopa Marangu, nitakuambia msumeno na moto wa msituni kabla ya barafu.

*Bi mkubwa, shangazi yangu wa Paje, Zanzibar, analima mwani, anasema ile aina yenye bei nzuri inakufa. Ni kweli joto la bahari? — Mpwa, Mbagala*

Kweli. Ile wanayoiita kotonii haivumilii maji ya moto, na maji ya kupwa yakikaa kwenye jua la Februari yanakuwa kama ya kuogea mtoto. Mwani unakuwa mweupe, unakatika. Wengine wamebaki na spinosamu, inavumilia zaidi ila bei yake ndogo. Wengine wanafunga kamba kwenye kina kirefu ambako maji yamepoa, lakini huko kunataka mtumbwi na kujua kuogelea, na akina mama wengi hawakufundishwa. Kama una cha kumpelekea shangazi, mpeleke mtu wa kumfundisha kuogelea.

*Bibi, nina miaka 12, nimenunuliwa themometa ya ukutani Kariakoo. Niitundike wapi? Nimeitundika dirishani inasema 44. — Mwanafunzi, Mwananyamala*

Marahaba mjukuu, ingawa hukunisalimia. Hiyo 44 ni joto la themometa yenyewe kuota jua, si la hewa. Itoe dirishani. Tafuta mahali penye kivuli kutwa nzima, panapopita upepo, mbali na jiko la mama na mbali na ukuta unaopigwa na jua, juu ya ardhi kama usawa wa macho yako. Nyasi chini kuliko saruji, kama mnazo.

Usiisome mchana, mchana watakusomea wengine. Isome ukiamka, kabla jua halijatoka na kabla hujanywa chai, uandike kwenye daftari tarehe na namba, kila siku, hata Jumapili. Yangu ya chumbani jana alfajiri ilisema 29, na feni ilikuwa inazunguka. Ukikosa siku moja acha wazi, usibuni. Niletee hilo daftari masika ikishaanza kupiga bati, tulilinganishe na langu.