Mwanangu, kuhusu ng'ombe na shamba la Haubi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza ukishavuna pale Haubi mabua uyaache yafunike udongo kama mlivyoambiwa kwenye semina au uwape ng'ombe wako wanne, halafu kama ni kweli ukiligawa shamba la juu vipande wakawa wanakula kwa zamu majani yatarudi. Nimeshika simu nikujibu habari ya mabua, nikajikuta namuwaza Mabaka, yule ng'ombe wetu wa zamani.

Najua habari zake unazo, mjomba wako kila Idi lazima azisimulie, lakini anazisimulia nusu maana hakuwepo, yeye alienda na kundi. Mimi nilikuwepo. 1979, nina miaka 11. HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, walishaingia Kondoa tangu 1973, wamechimba makinga maji, wamepanda makonge kwenye kingo za makorongo, kisha ndo likaja tangazo mifugo yote itoke. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote. Ukubwani nikaja kujua ilikuwa mifugo kama 90,000 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Wa kwetu walikuwa 23, wakaswagwa kwenda Kiteto, na ndama mchanga wa Mabaka babu yako akamuuza kwa mchinjaji maana safari ile asingeiweza.

Siku ya tatu alfajiri natoka na ndoo namkuta Mabaka kasimama kwenye mlango wa boma, peke yake, kiwele kimejaa mpaka maziwa yanadondoka yenyewe, ananusa pale ndama wake alipokuwa akifungwa. Mwanangu nilifurahi mimi! Nikamkamua palepale, bibi yako akapika chai ya maziwa, sote tukanywa, babu yako hakuigusa. Akachukua kamba. Akikutwa hapa ni faini, akasema, basi. Akanipa mimi nimshike mpaka tuvuke korongo, kwa sababu Mabaka alinizoea na kwa babu alikuwa anagoma. Akanifuata bila shida, anadhani nampeleka kwa mwanawe. Ng'ambo nikamkabidhi babu kamba nikarudi mbio sijageuka nyuma. Mjomba wako hilo halisimulii kwa sababu halijui.

Baada ya hapo samadi hakuna, uwele wa pale bondeni ukaanza kutoka mfupi na masuke membamba, bibi yako akawa anaokota okota majivu na takataka za jikoni kupeleka shamba kama vile vingetosha.

Lakini nisiseme uongo. Ardhi ilipona. Lile korongo la nyuma ya nyumba, lililoula mwembe wa babu upande mmoja mpaka mizizi ikawa inaning'inia na sisi watoto tunaibembea, ndani yake zikaota nyasi, makonge yakashika kingo, na mvua ikinyesha maji yakawa yanapita angavu wakati zamani yalikuwa mekundu, mazito, unaona kabisa shamba la mtu linakwenda. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Sasa niseme waliotutoa walikosea? Siwezi. Niseme walikuwa sawa? Na Mabaka je? Siwezi pia, usinilazimishe.

Ninachoweza kusema ni kile nilichokuambia tangu unasoma msingi, kosa ni la njia, si la kwato. Ng'ombe wakipita njia ileile kila siku kwenda kunywa, mmoja nyuma ya mwenzake, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu, majani hayaoti, mvua ya kwanza inakuta mfereji umeshaandaliwa. Mwaka huu unauruka, miaka michache mbele unajenga daraja. Ng'ombe mwenyewe ana kosa gani? Kafuata alikopitishwa. Ndo maana 1989 waliporuhusu ng'ombe wa maziwa wa kufungia ndani, baba yako alinunua yule mweusi, tukawa tunamkatia matete yaliyopandwa kwenye makinga maji, hatembei popote, samadi inarudi shamba na korongo halijaongezeka hata hatua. Ng'ombe ni yuleyule mwanangu, kilichoondoka ni njia.

Haya, mabua na zamu. Zamu inafanya kazi, ila uwatoe kwenye kipande mapema, majani yangali na kimo cha kiganja, yakiliwa mpaka kwenye shina hayana cha kuchipulia, na usiwarudishe mpaka yafike gotini hata kama unawaonea huruma. Mabua ukiyaacha yote ng'ombe watakosa chakula Septemba na Oktoba, ukiwapa yote jua linapiga udongo unafanya ganda, mvua ikija haizami inateleza tu. Mimi ningegawana nao, yaani ningewakatia ya juu na kuacha visiki na... lakini hapana, shamba ni lako, mimi sitaamua. Ila jua kwamba huko kwetu watu wakishavuna kila shamba linageuka la wote, hayo mabua unayotaka yafunike udongo ng'ombe wa jirani watayamaliza usiku mmoja ukiwa umelala. Kwa hiyo minyaa ya uzio ipandwe kwanza, tena uongee na majirani kabla, sio baada.

Na kwenye meseji yote, vipande umevichora vizuri, zamu umeipanga, lakini sijaona mahali ulipoandika ng'ombe watakunywa wapi na watapita wapi kwenda huko. Kama ni kule kule kisimani chini utawashusha kwa kile kinjia cha pembeni mwa mwembe. Nijibu hilo kwanza, leo leo, kabla hujanunua hata msumari.

Mama yako