Anaimba kaswida, maji hawezi kuomba

Tangu niandike habari za kiharusi, karibu kila aliyeniandikia anauliza jambo moja: mgonjwa ameanza kutembea, mbona maneno hayarudi? Leo najibu sita.

Shikamoo mama. Baba yangu ni fundi seremala. Tangu apatwe na kiharusi, akitaka shati anasema "sahani", akikosea anarusha vitu. Majirani wanasema akili imeruka. (Makorora)

Marahaba mwanangu. Hali hiyo ina jina, afasia, na katika kila watu watatu waliopata kiharusi, mmoja hivi hupatwa nayo. Kwa wengi wetu kazi ya lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono wa kulia, ndiyo maana mara nyingi mkono huo hulegea na maneno yakapotea kwa pamoja. Mwaka 1861 daktari mmoja wa Paris, Paul Broca, alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka "tan" tu. Umuulize nini, "tan, tan", mpaka wakamwita Tan. Lakini mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Alipofariki, Broca akakuta ubongo umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto.

Baba yako shati analijua. Hebu mpe sahani uone atakavyokutazama. Hasira zile ni za mtu anayesikia mwenyewe kwamba kilichomtoka sicho alichokitaka. Mwekeeni bao au dhumna, hao majirani waje wacheze naye. Wakifungwa tutajua akili ya nani imeruka.

Bibi alikuwa akisema Kidigo na Kiswahili. Sasa kimebaki Kidigo kitupu, na sisi wajukuu hatukijui. (Ngamiani)

Wafaransa wawili waliliangalia hili zamani, wakatofautiana. Théodule Ribot, mwaka 1881, alisema cha mwanzo kujifunza ndicho kinachodumu. Albert Pitres, mwaka 1895, akasema hurudi kwanza lugha ambayo mtu alikuwa ameizoea zaidi alipougua. Kila mmoja ana wagonjwa wa kumshuhudia, ingawa kwa walio wengi lugha zote hurudi pamoja. Msimkataze Kidigo, wala msimcheke. Kiswahili kinaweza kufuata baadaye. Kwa sasa jifunzeni nyinyi: maji ni *madzi*, hapo mmeshaanza.

Mume wangu ana miezi minane. Nimeambiwa baada ya miezi sita hakuna kinachorudi, nisijisumbue. (Duga)

Jisumbue, dada yangu. Ni kweli miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye kasi, lakini kupungua kasi si kusimama. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ujerumani uliochukua wagonjwa zaidi ya 150, wenye umri usiozidi miaka 70, wote wakiwa wamepitisha miezi 6. Walifanyishwa mazoezi ya lugha saa 10 au zaidi kwa wiki, kwa wiki 3, na wakaweza kujieleza katika mambo ya kila siku kuliko wenzao waliokuwa wakisubiri zamu.

Saa 10! Huku kwetu mtaalamu wa tiba ya usemi unamtafuta kwa tochi. Ukimpata, akupangie mazoezi ya nyumbani. Usipompata, anza mwenyewe, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Ila chagua maneno. Uingereza waliwapa wagonjwa programu ya kompyuta ya kufanyia mazoezi nyumbani, matokeo yakatoka mwaka 2019: maneno waliyoyarudia waliyashika, lakini mazungumzo yao kwa ujumla hayakubadilika. Basi usimchoshe na picha za twiga na tembo. Majina ya wanawe, choo, dawa, chai, jina la jirani anayekuja kumkogesha: hayo ndiyo ya kurudia.

Mzee wetu anaimba kaswida nzima bila kukosea, lakini maji hawezi kuomba. Wengine wanasema anajifanya. (Pangani)

Hajifanyi hata kidogo. Kaswida, Fatiha, kuhesabu moja mpaka kumi, "alhamdulillahi", hata matusi (msimlaumu yakimtoka), ni vitu ambavyo ulimi umevirudia maelfu ya mara. Hutoka kama shanga kwenye uzi, ukivuta mmoja wote wanafuata. Kuomba maji ni kazi nyingine: neno litafutwe, lipangwe, litamkwe. Inadhaniwa pia kwamba upande wa kulia wa ubongo, ambao kwake umesalimika, unasaidia kubeba wimbo.

Huko Boston mwaka 1973 watafiti watatu, Albert, Sparks na Helm, walieleza tiba inayopitia mlango huo. Mshike mkono wa kushoto, upigepige taratibu, uighani naye "ni-pe ma-ji": sauti ipande kwenye *ni* na *ma*, ishuke kwenye *pe* na *ji*. Akishaweza, wewe nyamaza aendelee peke yake. Siku zikienda, punguza wimbo mpaka yabaki maneno. Kaswida zenyewe mwacheni aimbe, zinampa raha, lakini peke yake hazitamfikisha kwenye glasi ya maji.

Wanataka kumkata mama kimeo ili ulimi uwe mwepesi. (Muheza)

Msikate! Kilichoumia ni ubongo, kimeo hakina kosa. Pesa hiyo inunue dawa za presha, na azimeze kila siku hata akijisikia mzima, maana kiharusi cha pili hakibishi hodi.

Wageni wakija namjibia mama yangu ili asiaibike. Nakosea? (Raskazone)

Unakosea, kwa nia njema. Zima televisheni, mwulize jambo la kujibika kwa kidole, chai au uji, vyote viwe mezani, kisha nyamaza. Hesabu kumi moyoni kabla ya kufungua mdomo wako.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, tulimjibia mwaka mzima. Siku moja sote tukaenda harusini, tukamwacha barazani na noti ya elfu mbili mfukoni. Tuliporudi tulikuta machungwa manne mezani na chenji imetimia. Muuza machungwa hatukumjua, na walielewana vipi hatukujua vilevile.