Mapafu yake yalikuwa mazima

Kijana aliletwa usiku akihema, na macho yetu sote yakaenda kwenye mapafu. Eksirei ilikuwa safi, hakuwa na homa wala kikohozi, na kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni 96. Nikaandika pumu. Muuguzi wa zamu ndiye aliyenishtua: "Daktari, mbona tumbo linaingia ndani akivuta pumzi?"

Nikavuta ultrasaundi. Niliweka probu ya tumbo, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, chini ya mbavu za kulia nikaielekeza juu, nikichungulia kupitia ini. Kiwambo, yaani msuli wa kupumua unaotenganisha kifua na tumbo, kikiwa kizima huonekana kama mstari mweupe unaoijia probu kila mtu avutapo pumzi. Wake ulitikisika milimita chache tu, wakati hata katika pumzi ya kawaida tunatarajia ushuke zaidi ya sentimita 1. Nikamwambia anuse kwa nguvu, kama mwenye mafua. Mstari ukapanda badala ya kushuka! Nilipomuuliza upya, akasema miguu ilianza kufa ganzi siku 4 nyuma. Ilikuwa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva na misuli ikapooza, na mimi nilikuwa nikimpulizia dawa ya pumu.

Wenzangu, msitulizwe na oksijeni. Msuli wa kupumua ukichoka, mara nyingi hewa chafu (kabonidioksidi) hujikusanya kwanza. Oksijeni hushuka mwishoni, hasa kama mgonjwa tayari amewekewa mpira wa oksijeni puani.

Kingine, mwangalie akipumua mwenyewe. Akiwa kwenye mashine ya kupumulia, hewa inayosukumwa hushusha hata kiwambo kilichopooza, nawe utaandika kwamba kinafanya kazi. Kwa mgonjwa huyo napima unene wa kiwambo. Probu ya mishipa naiweka ubavuni, usawa wa kwapa, kati ya ubavu wa 8 na wa 10. Kiwambo ni lile tabaka jeusi lililobanwa na mistari miwili myeupe. Napima mwisho wa kutoa pumzi, kisha mwisho wa kuvuta, na ongezeko naligawa kwa kipimo cha kwanza. Likiwa chini ya asilimia 20 nakuwa na wasiwasi mkubwa, mradi mgonjwa awe anajitahidi kuvuta. Aliyelazwa usingizi kwa dawa hatakinenepesha, na hilo si ugonjwa.

Upande wa kushoto utakusumbua, maana bandama ni dirisha dogo na gesi ya tumbo huziba. Usiuruke. Kulinganisha pande mbili ndiko kunakofichua kiwambo kilicholala upande mmoja.

Kijana alihitaji mashine alfajiri ile ile. Nilijua kwamba mashine nayo ina gharama yake: mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa nyuzi za kiwambo husinyaa baada ya saa 18 hadi 69 tu za kupumzishwa kabisa. Kwa hiyo alipoanza kuvuta mwenyewe, nilimpima kila asubuhi, mahali pale pale nilipoweka alama ya kalamu kwenye ngozi. Kwa siku nyingi namba haikusogea. Asubuhi moja tabaka lile jeusi likanenepa mbele ya macho yetu, na muuguzi yule yule akanishika mkono.