Binti akishika namba mbili analia, nimfanyeje?

Pole dadangu, mtoto wa miaka 15 anakimbia mita 800 hapo Malindi, akikosa namba moja hapati usingizi na sasa hata viatu hataki kuviona, wallahi huyo kachoka mwili na roho. Ongea na kocha, wiki iwe na siku moja au mbili bila mazoezi kabisa, na usingizi masaa 8 mpaka 10 (simu ikae kwako). Akirudi usianze na "umekuwa wa ngapi", mpakulie wali na samaki kwanza, ile saa anayojipimia ifungie kabatini. Simone Biles mwenyewe, yule bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alijitoa katikati ya fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021, Paris 2024 akabeba dhahabu 3. Ila akikosa hedhi miezi kadhaa au akisema kachoka kuishi, usingoje, mpeleke hospitali.