Mwembe Unaokauka Ncha za Majani

SWALI: Bwana Mhariri, mwembe aliouacha marehemu babu uani kwetu Kisauni, Mombasa, umeanza kukauka ncha za majani tangu mwaka jana, tulipotandaza kabro (matofali ya saruji ya kusakafia ua) hadi shinani. Tunaunyweshea kila jioni maji ya kisima. Je, tuukate?

JIBU: Msiukate bado. Ninashuku mambo mawili, na la kwanza ni hayo maji yenyewe, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina chumvi, nao mwembe hauistahimili: chumvi hukusanyika majanini na kuunguza ncha na kingo zake. Onjeni maji hayo. Yakiwa na ukali wa chumvi, acheni kuyatumia, mkinge ya mvua, na mnyweshee kwa wingi mara moja kwa juma badala ya kidogo kila jioni, ili maji yazame na kuisukuma chini chumvi iliyokwisha kujikusanya.

La pili ni kabro. Mizizi myembamba inayofyonza chakula hukaa karibu na uso wa ardhi, nayo huhitaji hewa, kwa hiyo ng'oeni matofali hayo angalau mita mbili kuzunguka shina, kwa mikono, maana sururu huumiza mizizi. Hapo tandazeni majani makavu, yasiguse gome lisije likaoza. Matawi yaliyokufa yakateni baada ya mavuno. Majani yaliyokwisha kuungua hayatapona. Yaangalieni machipukizi mapya baada ya masika.