Skana ya zamani kugoma Windows 11: anza na namba ya kosa

Mkuu, unasema skana ya steshenari yako ilipiga kazi vizuri miaka yote kwenye Windows 7, umenunua mashine yenye Windows 11, na sasa unaona alama ya njano tu. Umeshapakua draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) kila kona, na mwenzetu amekushauri uzime ukaguzi wa saini ya draiva (alama ya kidijitali inayoonyesha imetoka kwa nani na kwamba haijabadilishwa). Subiri kwanza. Usizime wala usipakue kitu kingine kabla hujasoma namba ya kosa.

Ninahudumia steshenari na ofisi ndogo, na vifaa vya enzi za XP ndivyo vinavyoniletea simu nyingi. Watu wanabadilisha draiva moja baada ya nyingine bila kujua Windows imekataa nini. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano, soma Device status. Code 28 maana yake hakuna draiva iliyosakinishwa kabisa. Code 52, saini ya kidijitali haikuthibitika. Code 39, draiva ipo lakini imeshindwa kupakiwa: ama faili limeharibika, ama limezuiwa.

Kwa umri wa skana yako nahisi ni 28. Ingia kwenye CD iliyokuja nayo, tafuta faili linaloishia na .inf, lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F uandike NTamd64, neno linaloonyesha kuwa draiva inakubali Windows ya biti 64. Usipolipata neno hilo, draiva ni ya biti 32 pekee. Windows 11 inatolewa kwa biti 64 tu, na kerneli (kiini cha Windows) ya biti 64 haipakii draiva ya biti 32, hata ufanyeje. Kinachowachanganya wengi ni kwamba programu za kawaida za biti 32 zinafunguka bila shida, kwa hiyo programu ya kuskani inafunguka vizuri kabisa halafu inadai haioni skana. Hapo kuzima saini hakusaidii, na Compatibility mode (kuendesha programu kana kwamba iko kwenye Windows ya zamani) haisaidii.

Neno ukilikuta na bado unapata 52, chunguza kama faili la .inf limehaririwa. Mafundi wengi huongeza namba ya kifaa humo kwa mkono, na herufi moja tu ikibadilika saini inavunjika. Rudi kwenye nakala halisi ya mtengenezaji.

Kwa 39, nenda Windows Security, Device security, kisha Core isolation. Memory integrity (ulinzi wa kerneli dhidi ya draiva zisizoaminika) ikiwa imewashwa, inaweza kuwa ndiyo inayoizuia draiva ya zamani. Kuizima ni rahisi, lakini siizimi kwa ajili ya skana. Draiva ya kerneli ina mamlaka juu ya mashine nzima, na mashine ya steshenari inachomekwa flashi za wateja kutwa nzima, yenye vyeti vyao na vitambulisho vyao. Ulinzi huo unawahusu wao pia.

Kama ni biti 32, bado skana haijafa. Weka Linux Mint (mfumo endeshi mwingine, wa bure) kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo bila kugusa Windows, ujaribu kuskani. Linux inatumia SANE (mfumo wake wa kuskani), ambayo ina draiva zake yenyewe na inazitambua skana nyingi zilizotelekezwa na watengenezaji. Baadhi zinadai faili la femiwea (programu ya ndani ya skana yenyewe) kutoka kwenye CD ya zamani, kwa hiyo usiitupe CD hiyo. Ikishindikana, sakinisha VirtualBox (programu inayoendesha kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yako), weka ndani yake Windows 7 ya biti 32, kisha uipitishie skana kwa USB. Draiva itapakiwa ndani ya ile Windows 7, siyo kwenye Windows 11. Ikate intaneti kabisa, maana Windows 7 haipati tena masasisho ya usalama.

Ukirudi dukani, kwenye dirisha lile lile la kifaa fungua Details, chagua Hardware Ids, unakili mstari wenye VID na PID (namba ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe). Uweke hapa pamoja na namba ya kosa, nikuangalizie kwenye orodha ya SANE kama yako imo.